Kompyuta ya Masomo ya Baba

Kompyuta ile ilitufikia katikati ya miaka ya tisini, ofisi niliyokuwa karani, ng'ambo ya feri, iliponunua mpya na kuona ya zamani haina kazi. Niliileta nyumbani kwetu Timbwani kwa mkokoteni, nikaiweka chumba cha mbele juu ya meza ya cherehani. Mama akaifunika kitambaa cha kufuma. Baba alitaka kujua jambo moja tu, kama inaandika.

Baba alikuwa mwalimu wa madrasa tangu kabla sijazaliwa. Masomo yake yote alikuwa nayo kichwani: namna ya kumfundisha mtoto kutawadha, kuswali, kumwamkua mkubwa, na kila somo na kisa chake, kwa Kimvita ambacho hata wakati ule kilikuwa kimebaki kwa wazee. Hakuwahi kuyaandika. Kisha macho yakaanza kufifia, na baada ya macho kumbukumbu. Aliuliza mara mbili kama ameshaswali alasiri. Alisimama kwenye njia ya msikiti aliyoipita umri wake wote asijue akate wapi. Nyumbani hakuna aliyelitamka, lakini sote tulijua kwamba masomo yale yasipoandikwa wakati huo hayataandikwa tena.

Basi kila nikirudi kutoka kazini, nimechoka hoi na miguu imevimba, namkuta keshakaa kitini ananingoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ukae hapa. Twalifikia wapi?"

Chai yangu niliinywa nikipiga chapa. Kusema kweli kuna siku nilitamani umeme ukatike nipumzike, na ulikatika mara nyingi, naye akaendelea kusema gizani nami nikaandika kwa mwanga wa kibatari kwenye karatasi za kufungia sukari, nikizitupa nikishazinakili mashineni. Tulimaliza somo la mwisho Ramadhani inakaribia. Nilinakili kazi yote kwenye diski tatu, zile bapa za plastiki, nikampa mama azihifadhi, kwa kuwa kabati lenye ufunguo lilikuwa lake na hakuna kitu kilichowahi kupotea mkononi mwake. Niliazimia kuyachapisha baada ya Idi, mashine ya kuchapia ya ofisini ikipata nafasi.

Idi ilipopita, kompyuta ikagoma. Ukiiwasha ilinguruma, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza, ikakaa kimya. Nilimwomba mwenzangu wa ofisini, bwana mmoja wa bara aliyekuwa akiishi Changamwe na ndiye aliyezifungua mashine zetu zikiharibika. Alikuja Jumapili asubuhi na bahasha ya diski za mfumo. Alijaribu hiki na kile, kisha akavua miwani.

"Dada, mfumo umeoza. Tufute kila kitu tuweke upya. Uko na kopi ya kazi yako?"

"Iko kabatini."

"Una hakika? Kwa sababu nikibonyeza hapa, imekwisha."

Nilikuwa na hakika. Ofisi ilikuwa imefungwa siku ile, nyumbani hatukuwa na mashine nyingine ya kuzijaribia zile diski, na mimi nilitaka jambo liishe nikalale. Akabonyeza.

Siku hizi mtu huchomeka flashi, akaenda zake kunywa chai, akirudi akakuta mfumo umeshakaa. Sisi tuliilisha mashine diski moja moja. Ilikwaruza, ikafikiri, ikaomba nyingine. Tukatoa, tukaingiza, tukangoja. Tulipofika kati, umeme ukazimika, na uliporudi ikatubidi kuanza mwanzo. Baba hakuondoka kitini, akiuliza kila mara kama imepona, nami nikimjibu bado. Fundi wetu alisinzia ameegemea ukuta. Mimi nilisinzia juu ya meza, nikazinduka kila mashine ilipoomba diski.

Ilikuwa alasiri ilipowaka sawasawa, skrini safi isiyo na kitu. Nikamwita mama alete nakala zetu.

Alizileta zimefungwa kwenye leso, na kabla hajaifungua nilisikia harufu ya udi. Diski ya kwanza ilikwaruza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu haikuingia kabisa, plastiki yake ilikuwa imepinda. Fundi alivuta kibati cha diski ile, akaangalia ndani, akanionyesha masizi.

"Mama, ulizifanyani hizi?" nilimuuliza.

"Zalikuwa zishashika kuvu," alisema. "Na wewe mwenyewe walin'ambia nisizifute kwa kitambaa. N'kazitandaza na kanzu za babako juu ya chetezo, n'kazifukiza zikauke. Kazi ya mwalimu itoke nyumba hii yanuka kuvu?"

Kila nyumba ya kwetu nguo ikishika unyevu huwekewa makaa na udi, na yeye alizipa diski zile heshima ya kanzu za Ijumaa. Nilikasirika, nikakosa pa kuiweka hasira yangu. Fundi alikusanya vitu vyake, akasema pole, akakataa chai. Mama alikaa na diski mapajani. Hakulia, na ningeona afadhali angelia.

"Si neno," baba alisema. "Yote yamo kitwani. Ndoo uandike."

Jioni ya pili yake alianza na somo la kwanza, la kutawadha, akalisema lote bila kukwama, nami nikapata tumaini. Siku iliyofuata nilimwomba la pili. Akasema niandike, akaanza tena lile la kutawadha. Nilimwambia hilo tumeshaliandika.

"Hatujaandika," alisema kwa upole.

Nilimkumbusha yale ya swala, kwa maneno machache niliyoyashika. Alinisikiliza kwa adabu, kama anayepewa habari za jirani, kisha akarudi kwenye maji na viganja. Baada ya siku kadhaa niliacha kumkatiza. Kila jioni nilifungua ukurasa mpya nikaandika lile lile, na kila jioni lilipungua. Mara akasahau miguu, mara akasahau uso. Nilichoka, wallahi, kwa uchovu usiotoka kwa kulala.

Jioni ya mwisho alisema, "Bismillahi. Twaa maji," akanyamaza. Nilingoja, vidole vyangu juu ya herufi. Akauliza kama nimeandika.

Nikamwambia nimeandika yote, baba.