Agosti Tuliyokwenda Rukanga na Mama

Ukishuka kwenye treni pale Voi na watoto wawili, begi moja mgongoni na lingine mkononi, bila mwanamume nyuma yako, kuna swali utakaloulizwa kabla hujafika getini. Mimi niliulizwa na mama mmoja aliyeketi nasi tangu Athi River, mtu mwema kabisa, aliyewagawia wanangu njugu njia nzima. "Na baba yao atakuja na ile ya jioni?" Nikamwambia hapana, tumekuja sisi watatu tu. "Haya, Mungu ni mwema," akasema, kwa ile sauti ya matangani. Nilicheka kimoyomoyo. Nikawashika wanangu mikono tukatoka nje, joto la Voi likatupokea usoni pamoja na ule udongo mwekundu, na mlima wa Sagalla umejilaza ng'ambo kama mtu aliyeshiba, na papo hapo nikawa tena msichana wa miaka minane, nimebeba kikapu, namfuata mama yangu.

Kazini kwangu, wenzangu wanaolea peke yao huniuliza kila likizo ya Agosti ikikaribia: niwapeleke wapi watoto, na nitawawezaje peke yangu? Wanatarajia niwatajie hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mimi nawaambia Rukanga, kijiji kilicho chini ya mlima wa Kasigau, wananiangalia kama nimewauzia mbuzi kwenye gunia. Lakini yote ninayoyajua kuhusu safari ya mzazi mmoja nilifunzwa na mwanamke aliyekuwa akifua mashuka katika gesti moja ya Voi, karibu na stesheni ya zamani. Mama hakuwahi kuona bwawa la kuogelea ila kwenye kalenda.

Alikuwa na sheria zake. Kila mwenye miguu abebe kitu, hata kama ni kijiko, kwa sababu mtoto mwenye mzigo wake hujiona msafiri, na mtoto asiye na mzigo hugeuka kuwa mzigo. Usimwambie mtoto "tunakaribia" kama hamkaribii. Na ile kubwa kuliko zote: "Omba msaada kabla hujauhitaji. Ukingoja mpaka ulie, watu watakuonea huruma badala ya kukusaidia." Basi mama alikuwa akifika mahali, jambo la kwanza anamchagua mtu, anamsalimu vizuri, anamuuliza habari za kwake, kisha anasema, "Dada, nishikie huyu nifunge leso." Mdogo wangu alishikwa na nusu ya watu wa barabara ya Mombasa.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyekuwa sababu ya safari, ingawa sikujua. Mwaka ule alikuwa mtoto wa homa. Zahanati walimpa dawa, akapona, homa ikarudi. Walimpa nyingine, akapona, ikarudi. Alikuwa amepungua mpaka mama, akiwa amembeba mgongoni, alikuwa akipeleka mkono nyuma kumpapasa kama mtu anayehakikisha hajadondosha kitu. Nayakumbuka macho ya mama siku hizo. Yalikuwa makavu na makubwa, na sikuyapenda.

Jirani yetu pale plotini, kwenye vyumba vya kupanga tulikoishi Voi, mama mtu mzima wa Kitaita, alimtazama mtoto siku moja akiwa anachambua kunde mlangoni. Akasema, "Mpe dawa ya hospitali, usiache. Lakini na kwenu uende. Kuna mtu ana jambo moyoni."

Hapa inabidi nikueleze. Wazee wetu waliamini kwamba hasira ya mtu wa karibu, hasa mzazi, haihitaji maneno ili idhuru. Inaweza kukaa kimya moyoni, hata mwenyewe asijue kama ipo, na ikawaangukia watoto. Dawa yake ilikuwa kutasa. Yule mwenye kinyongo huchukua funda la maji, au juisi ya miwa, anasema maneno mema, kisha anayapuliza yale maji nje ya kinywa, na hasira inatoka nayo. Sharti ni moja tu: atoe kwa hiari. Ukimlazimisha, maji yanabaki kuwa maji.

Na nyanya, mama yake mama, alikuwa na sababu ya kukasirika. Mama aliolewa bara na mtu ambaye nyanya hakumtaka, akaenda bila kuaga vizuri. Ndoa ilipovunjika akarudi na watoto wawili, lakini akaishia Voi. Aliona haya kuupanda ule mlima mikono mitupu. Nyanya naye alisema mbele ya watu, na maneno yakafika Voi kabla ya jua kuzama, "Alijua njia ya kwenda. Ya kurudi ataijua."

Hayo yote nimeyaunga nikiwa mtu mzima. Wakati ule mama alituambia tu, "Tunaenda kutembea kwa nyanya." Nami nilifurahi mpaka nikavaa viatu vya kanisani.

Tulishuka Maungu asubuhi, pale njia ya Kasigau inapoachana na barabara kuu, tukangoja pikapu ya mwenye duka wa Rukanga. Tulingoja karibu siku nzima, na kwangu ile ni mojawapo ya siku nzuri za maisha yangu. Mama alimchagua mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma, akampa mdogo wangu amshikie, akapewa kivuli cha kibanda. Malori yalipita yakitetemesha ardhi chini ya makalio yetu. Moshi wa mahindi ulinukia utamu na kuungua kidogo. Mbali kule, juu ya nyika kavu ya rangi ya simba, Kasigau ulisimama peke yake, na wingu moja limeukalia kichwani. Mama alikuwa akiutazama bila kusema kitu. Nilidhani anaupenda. Sasa najua alikuwa anaogopa.

Nyanya alitupokea vizuri, sisi watoto. Alimchukua mdogo wangu kutoka mgongoni mwa mama bila kuuliza, akamnusa kichwani, akampakata. Mimi alinigeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi, akasema nina miguu ya watu wake. Kisha akaniambia, na mama yuko pale pale, hatua moja tu kutoka kwetu: "Mwambie mamako maji ya kunawa yako pale."

Nikamwambia mama maji ya kunawa yako pale. Mama akaniambia, "Mwambie asante."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mwambie mamako chumvi imeisha. Mwambie nyanyako nitaenda dukani. Mwambie mamako kimanga hakipondwi hivyo, anaua mihogo. Jiko lilikuwa dogo, magoti yao yalikaribia kugusana, na mimi katikati napeleka habari kama posta. Niliona ni mchezo wa watu wazima wa kule mlimani, na nilijivunia sana kazi yangu. Wakati mwingine niliongeza chumvi kidogo. Nyanya akisema, "Mwambie mamako afunge mlango wa mbuzi," mimi nilisema, "Nyanya anasema tafadhali ufunge mlango wa mbuzi." Nyanya alinitupia jicho, lakini hakunikosoa.

Na siku zenyewe, rafiki yangu, laiti ningeweza kukuonjesha. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni mpaka kwenye paa la jiko, ukachanganyika na moshi, huwezi kusema kipi ni kipi. Tulichuma pojo, maganda makavu yakipasuka mkononi. Alasiri wanawake waliketi kwenye kivuli cha nyumba wakisuka vikapu vya mkonge, wakisokota uzi juu ya paja, na sauti zao zikipanda na kushuka kwa Kidawida, Kitaita cha Kasigau, ambacho mimi, mtoto wa Voi, sikukielewa. Nilikuwa nalala usingizi ndani ya sauti zile. Mama alifanya kazi zote za nyumba ile bila kuombwa. Alichota maji, alipura, alifagia uwanja mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Hakuuliza lolote. Jioni alishika paji la uso la mdogo wangu, kisha akamtazama nyanya, kisha akatazama moto.

Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, wa kiti cha mbele, na kanisani kwake mambo ya kutasa hayakusemwa kwa sauti. Labda ndiyo maana alichukua muda. Au labda alikuwa anangoja moyo wake mwenyewe ufike. Simlaumu. Mimi mwenyewe moyo wangu ni mzito kuliko gunia la pojo.

Asubuhi moja alituita nyuma ya jiko. Mama akasimama, mtoto mgongoni. Nyanya alikuwa na kikombe cha bati chenye maji. Alinywa funda, mashavu yakajaa, akamkabili mama uso kwa uso. Mimi niliona jambo moja tu. Kule plotini kwetu, mtu akimsogelea mwenzake na mdomo umejaa hivyo, ni vita.

Nikaruka katikati yao nikapiga ukelele, "Usimtemee mama yangu!"

Nyanya alikuwa mdomo umejaa, hawezi kunijibu. Akanitazama. Mashavu yakaanza kutikisika, macho yakatoa machozi, kisha maji yakamtoka kwa pua na kwa mdomo kwa pamoja, yote usoni kwangu. Akashika ukuta wa jiko akacheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi, alimtazama mama juu ya kichwa changu, akamwambia kwa Kiswahili, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Huyu mdomo ameutoa kwako."

Hakusema mwambie mamako. Mama alifunika uso kwa leso.

Nyanya akajifuta, akawa mtu mwingine, mtulivu. Akanivuta nisimame kando ya mama. Akasema maneno ya Kidawida, taratibu, si mengi, akanywa funda la pili, akayapuliza. Yalitushukia sote watatu, mepesi, baridi, na jua la asubuhi likapita ndani yake. Mimi nilikuwa nimejikunyata, napangusa macho, nimekasirika bado kwa kurowa. Mama alikuwa amepiga magoti, na nyanya amemwekea mkono begani, hautoi.

Sitakudanganya kuhusu homa. Mdogo wangu alipona mwezi ule na hakuugua tena vile. Inawezekana ni dawa ya zahanati. Inawezekana ni hewa ya mlimani na uji wa nyanya. Leo ni jitu zima la kuinama mlangoni, na ukimuuliza anasema yeye hakumbuki kitu. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo tulikwenda Rukanga kila Agosti, na mama hakuutazama tena ule mlima kimya.

Nyanya alifariki nikiwa sekondari. Juzi nilipofika na wanangu, jiko lake halipo, na pale nyuma yake pameota vichaka. Maji siku hizi yanatoka kwenye bomba, vikapu bado vinasukwa lakini wasukaji wanaongea na simu zao. Wazee waliojua kutasa wamekwisha mmoja mmoja, na vijana niliowauliza walinitazama kwa heshima, kama mtu anayeuliza bei ya vitu vilivyoacha kuuzwa. Tumelala katika vibanda vya wageni vya kijiji, watoto wamepanda mlima na kijana wa hapa, wamerudi na matope hadi masikioni. Ukiwa na watoto peke yako, nenda. Utasaidiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ila nami sikuja kutembea tu. Mwezi uliopita binti yangu alikuwa kwenye simu na baba yake, nami nikamwambia kutoka jikoni, "Mwambie babako sweta yako iko kwake." Akamwambia. Baba akajibu, binti akaniletea jibu. Kisha nikamsikia akimwongezea baba neno lake mwenyewe: "Mum anasema tafadhali." Mimi sikuwa nimesema tafadhali. Nikazima moto chini ya sufuria nikakaa chini. Mwaka wa tatu sasa tangu tuachane na baba yao nimekuwa nikisema sina kitu moyoni.

Basi jana jioni, watoto wakila kimanga kwa mikono miwili, nilitoka nje nikampigia mama. Magoti yake hayamruhusu tena safari ya Rukanga, lakini Voi kule bado anafagia uwanja kwa mistari. Nikamwuliza kile nilichokuwa sijawahi kumwuliza. Maneno aliyosema nyanya nyuma ya jiko, kabla ya maji, yalikuwa maneno gani? Nataka kuyasema, nikamwambia, na nataka kuyasema sawasawa.

Nikamsikia akivuta kiti akikaa.

"Sikuyasikia, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nalia. Nilisikia jina langu tu, akiniita."