Mgeni wa Kila Jumatano

Tulipokuwa chuo cha ualimu Kasulu, baadhi yetu tulijitolea kuwafundisha jioni watoto wa darasa la saba katika shule moja ya kijiji, upande wa Makere. Nilipewa wasichana watatu wa hesabu. Wawili hawakukosa. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa na kichwa, alikuja mara moja, akamaliza hesabu zote za sehemu bila kosa, kisha akapotea. Mtihani ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Asipofaulu, anabaki na jembe, na kuolewa hakuko mbali.

Nilikasirika, na mtu wa kumkasirikia nilikuwa naye tayari: baba yake. Jumatano moja nikawaachia wenzangu wale wawili, nikamfuata mzee kwake, mwendo wa saa nzima. Alinipokea kwa heshima mpaka nikaona haya. Nikamweleza umuhimu wa masomo. "Ndiyo, mwalimu, atakuja," akasema. Nikala ugali wa muhogo na kuku, nikarudi chuoni napiga mluzi.

Hakuja. Jumatano ya pili nikaenda tena, na ya tatu. Kila mara ndiyo mwalimu, kila mara ugali, kila mara nasukumiwa paja la kuku. Wenzangu niliwaambia yule mzee ni kinyonga. Nikajitia kuwajua Waha, wenyeji wa huko, kwamba mgeni hawamkatalii usoni. Watu wa kuja tuna midomo.

Jumatano ya nne mzee alimtuma binti anisindikize. Tulipofika njia panda nikamgombeza. Nilimwambia anaichezea bahati yake na kunipotezea muda. Alisikiliza ameinamisha kichwa hadi nikamaliza.

"Usikasirike, mwalimu," akasema. "Siku ile ya kwanza ulipokuja nyumbani, baba alinipa Jumatano nije kusoma. Jioni nyingine ni shamba. Lakini kila Jumatano unafika kabla sijatoka. Mgeni hawezi kukaa na njaa, kwa hiyo nachota maji, natwanga muhogo, napika."

Mafuta ya kuku yalikuwa bado vidoleni mwangu. Nikamwambia basi Jumatano ijayo sitakuja, aje yeye shuleni, nitamfundisha mpaka giza liingie.

Akanijibu kwa adabu kwamba Jumatano ijayo ndiyo mtihani.