Kaburi Lina Jina Langu, Cheti Kitakuwa na Lake

Admin, nifichie jina, ingawa sijui utaficha lipi. Nina miaka 24. Karatasi zangu zinasema 26. Mimi ni Mkongo, naishi na Mama hapa Durban, nasuka nywele kwenye saluni moja South Beach, na nimemaliza mwaka wa mwisho wa chuo, upande wa historia. Ile miaka miwili ya ziada ni ya dada yangu. Kwetu dada mkubwa anaitwa Yaya, basi nami nitamwita hivyo.

Yaya alimaliza sekondari kabla hatujakimbia. Njia nzima aliibeba diploma yake ya sekondari mgongoni, ndani ya blauzi, na mpaka leo kona moja ina doa la jasho lake. Chapati aliila kwa kuizunguka pembeni, ile katikati laini akaniachia mimi. Mwaka Kombe la Dunia lilipochezwa hapa Afrika Kusini aliugua ghafla, shingo ikakakamaa, homa haishuki. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimeisha muda. Mama aliogopa tutafukuzwa mapokezi ya hospitali, akatoa zangu. Tulifanana, picha ilikuwa hafifu, hakuna aliyeuliza. Kwa hilo simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Siku ya tatu nesi alikuja akaita jina langu. Yaya alikuwa anatazama dari. Nesi akaita tena, akampigapiga shavuni. Mara ya tatu akaandika kwenye faili na kumwambia daktari kwamba mgonjwa haitikii tena. Hakuitikia kwa sababu halikuwa jina lake. Nilifungua mdomo. Mama akanibana mkono chini ya shuka, kwa nguvu, nikanyamaza. Walipoondoka nilimwinamia Yaya nikamnong'oneza jina lake mwenyewe, naye akageuka. Nje vuvuzela zilikuwa zinalia. Akaniuliza kama nimekula.

Alifariki kesho yake. Sijui kama ningesema ingebadilisha kitu, na sina wa kumuuliza.

Tulimzika kwa jina langu. Mimi nikabaki na lake, tukahuisha karatasi zake kwa picha yangu, na ile diploma ndiyo iliyoniingiza chuo. Mwanzoni Mama aliniita kwa jina la Yaya nje tu, ili majirani wasishtuke. Baadaye hata jikoni. Siku yangu ya kuzaliwa nilimwomba aniite jina langu mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya kwenda kuuza soko la Warwick, wala hakuinua kichwa.

"Ule nilimuzika," akasema.

Mwaka jana nilichukua somo la historia ya Korea, sababu lilikuwa asubuhi na mchana niko saluni. Mwalimu alikuwa Mkenya, mtu mpole. Alitufundisha jinsi Wajapani, walipoitawala Korea, walivyowasukuma watu waache majina yao na kuandikisha ya Kijapani. Hao ni watu waliokuwa na vitabu vya ukoo vya vizazi na vizazi. Mtoto asiye na jina jipya angeweza kukosa shule. Wengine walienda kwanza kuwaomba msamaha wazee wao waliokufa, ndipo wakaandikisha. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Eish, si jina tu? Wakinipa shule, waniite hata jina la mbwa." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, nisije nikaonekana.

Mwalimu akaeleza kwamba vita vilipoisha na utawala ule ukaanguka, watu waliyarudia majina yao. Nikainua mkono. Niliuliza habari za waliokufa katikati, wakiwa na majina ya kupewa, hao nani aliwarudishia. Mwalimu akaniambia swali hilo niliandike kwenye insha.

Niliandika, nikapata alama ambazo sijawahi kupata. Mama hasomi Kiingereza, lakini aliliona jina la Yaya pale juu. Alikwenda kuiegemeza ile insha kwenye picha ya Yaya juu ya friji, kisha akaiweka picha shavuni mwake. "Umefanya vizuri, mutoto wangu," akaiambia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, sijavua hata viatu.

Sasa chuo kimenipa fomu ya mahafali. Natakiwa kuthibitisha jina litakalosomwa ukumbini na kuandikwa kwenye cheti. Nilimwambia Mama nataka kwenda kusema ukweli, tumrudishie Yaya kaburi lake, maana kila mwaka mimi ndiye ninayeshika maua mbele ya msalaba wenye jina langu. Hakupiga kelele. Alisema nikienda, na karatasi zake zitaguswa, naye atarudishwa kule Kongo tulikokimbia. Kisha akaongeza:

"Siku ile ni mutoto wangu atapanda kule juu. Weye utakuwa unamubeba tu. Na kama unaona ni muzito, ungelala weye kwenye kile kitanda."

Halafu akanipakulia chakula, akanichagulia kipande kikubwa cha samaki. Simchukii. Hata nikitaka, siwezi.

Jana fundi alileta nguo ya mahafali, kitenge cha kijani. Mama alikuwa amempelekea vipimo vya Yaya kutoka kwenye daftari la zamani. Inanibana mabegani, siwezi kuinua mikono. Mama alisema nitakonda.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, wengi wenu ni wakubwa kwangu na mmezika. Nikinyamaza, Yaya atabaki kule chini anaitwa jina lisilo lake. Nikisema, huenda nikapoteza cheti, na Mama akapoteza pa kuishi, na mimi nikampoteza Mama. Nilishanyamaza mara moja kando ya kitanda cha Yaya. Fomu inatakiwa Ijumaa, yaani keshokutwa, na pale mstari wa kwanza bado uko wazi. Niambieni, niandike jina gani?