Msamaha Uliongoja Meza ya Bwana

Juma hili, kwenye gare ya treni ya Kamina, nilisimama karibu na akina mama wawili wa kwaya yetu. Mmoja alikuwa anahamia Kananga. Alimnyooshea mwenzake mkono.

"Dada, naomba musamaha. Nilikutukana juu ya hasira."

Mwenzake alificha mikono ndani ya kitenge. "Ulinitukana mbele ya bamama bote. Utaomba musamaha mbele yabo, kanisani, siku ya Meza ya Bwana."

"Siku ile minyi niko Kananga, kwa mutoto wangu. Sitarudia tena hapa Kamina."

"Mama, pokea mukono!" baba mmoja akacheka. "Treni haingojake ibada!"

Hakupokea. Nami sikushika mikono yao na kuiunganisha. Mungu anisamehe, ugomvi ule ulinipendeza kidogo. Kupatana mbele ya Meza ni desturi yetu nzuri, lakini siku hizi tunadhani Bwana hasikii msamaha usiopigiwa makofi.

Aliyeomba akapanda, na treni ikaanza kutembea. Hapo mama aliyekataa akatoa mkono, akakimbia akiupunga na kuita, "Dada! Dada!" Mwenzake alikuwa ameinama ndani, anapanga mizigo. Abiria wengine walimpungia kwa furaha, kila mmoja akidhani anaagwa yeye.