Ukuta Uliopita Nyumbani kwa Mama

Juzi, kwenye benchi la ofisi ya ardhi hapa Mtwara, niliketi karibu na kaka, dada na mama yao, watu wa Mpapura. Walikuwa wamesikia kuna mwekezaji analitaka shamba lao la mikorosho. Kabla hawajaitwa ndani, walikuwa wameshaanza kujenga.

"Nyumba tatu, uwanja mmoja," kaka alisema, akichora kwa kidole kwenye vumbi la benchi. "Hapa mama, huku mimi, kule wewe."

"Na jiko?" dada akauliza.

"Moja. Tule pamoja kama zamani."

"Nile mboga ya wifi? Bora nianze kufunga kabla ya Ramadhani."

"Dada, huyo ni mke wangu."

"Ndiyo maana nasema kwa sauti ya chini."

Kaka akachora jiko la pili. Dada akataka na kisima chake. Kaka akavuta mstari mrefu, akasema huo ni ukuta. Dada akaongeza geti upande wake.

Mama akainama kuutazama mchoro.

"Ukuta umepita ndani kwangu," akasema. "Sasa mimi naishi kwa nani?"

Karani alitoka, akawaambia shamba linalotakiwa ni la jirani yao. Dada akalifuta benchi kwa upindo wa khanga.

Nimeona familia nyingi zikigombanishwa na mali. Hii ndiyo ya kwanza kuiona ikipatanishwa na kuikosa. Waliondoka kwa pikipiki moja, mshikaki: kaka akiendesha, dada nyuma, mama katikati, amebanwa na wote wawili.