Kompyuta Mpya na Orodha ya Watoro

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mashine ya kuchapa, ufunguo wa chumba cha majalada na onyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeshuka Mtwara siku mbili kabla, nikitokea kwetu Mbinga, na joto bado lilikuwa linanishangaza. Katibu wa hospitali alinionyesha rafu zilizojaa majalada, yaani yale makasha ya karatasi ngumu yenye habari zote za mgonjwa, akaniambia kwamba karani anayepoteza jalada asijisumbue kuja kesho yake. Kisha akaenda kunywa chai. Nilisimama katikati ya rafu zile nisijue nianzie wapi, na nikisema kweli, hali hiyo ya kutojua nianzie wapi ilinirudia mara nyingi katika miaka yangu ya kazi.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa kliniki ya kifua kikuu. Huko nilimkuta Sista Esta, muuguzi mzee, Mmakua wa Masasi, aliyewajua wagonjwa kwa sura, kwa ukoo na kwa namna wanavyokohoa. Matibabu ya siku zile yalichukua miezi minane. Mgonjwa alikuwa na kadi iliyoandikwa tarehe ya kurudi kuchukua dawa, nasi tulibaki na nakala ya kadi hiyo na rejista yenye tarehe ileile. Asiyefika siku yake aliitwa mtoro. Neno hilo halikuwa tusi, lilikuwa la kazi tu. Kila Jumatatu tuliandika orodha ya watoro, na mfuatiliaji alipanda pikipiki ya hospitali kwenda kuwatafuta, kwa sababu anayekatisha dawa ugonjwa humrudia ukiwa mkali zaidi.

Rejista tulizijaza kwa mkono mpaka alipokuja Mganga Mfawidhi aliyependa kompyuta. Mganga Mfawidhi ndiye daktari msimamizi wa hospitali. Huyu alitengeneza programu yake mwenyewe, jioni baada ya kazi, ya kutunza rejista yetu. Ilikuwa na skrini nyeusi na herufi nyeupe, haina picha wala mapambo. Niliandika jina, kijiji na tarehe ya kurudi, na Jumatatu asubuhi nilibonyeza kitufe kimoja, printa ikatoa orodha ya watoro. Sista Esta hakuiamini. Aliendelea kuandika kwenye daftari lake la mistari, nami nilimcheka kidogo, kwa heshima.

Mganga yule akaondoka kwenda masomoni, akaja mwingine. Ndipo, katikati ya miaka ya elfu mbili, ikafika kompyuta mpya ikiwa na barua. Barua ilisema vituo vyote vihamie kwenye mfumo endeshi mpya "pale inapowezekana". Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na mfumo wake wa zamani, na programu ya rejista ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo huo.

Niliisoma barua mara nne. Kwetu ilikuwa inawezekana au haiwezekani? Katibu alisema hiyo ni amri, imeandikwa kwa adabu tu. Sista Esta alisema kitu kinachofanya kazi kiachwe. Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi mpya nikitumaini atakata shauri. Alinisikiliza huku akitia saini karatasi, kisha akaweka kalamu chini.

"Bi Haule, wewe ndiye unayeitumia. Ijumaa uniambie ndiyo au hapana, nami nitaandika hivyohivyo."

Nilimpigia simu mtaalamu wa kompyuta wa Dar es Salaam ambaye namba yake ilikuwa kwenye barua. Alikuwa mpole, akanieleza karibu nusu saa, nami nikaandika ukurasa mzima wa maneno nisiyoyaelewa. Nilichoambulia ni kwamba kompyuta ya zamani ingeweza kufa wakati wowote, na mfumo mpya ungeweza kuikubali programu yetu au kuikataa. Nikamuuliza kama ningekuwa dada yake angenishauri nini. Akasema inategemea. Sikumuuliza inategemea nini, maana niliogopa kupewa ukurasa wa pili.

Ijumaa nilisema ndiyo. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani sikutaka Katibu aone kwamba mama mtu mzima anaogopa mashine.

Mtaalamu alikuja mwishoni mwa Julai, tarehe ishirini na nane. Alihamisha rejista yote, akaifungua programu ndani ya mfumo mpya, ikafunguka. Akaniambia niijaribu mwenyewe. Nilichukua kadi za wagonjwa wa wiki ile, nikalinganisha na skrini moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa. Nikasaini fomu ya makabidhiano, naye akarudi Dar. Kompyuta ya zamani tukaifunika kanga, tukaiweka stoo.

Jumatatu ya kwanza ya Agosti printa ilitoa majina mengi kuliko nilivyozoea, ukurasa mzima. Kwa kawaida watoro wetu walikuwa wanne, watano. Katibu alisema ni msimu, watu wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa, ile dawa ya ukungu. Ilikuwa kweli, ndio ulikuwa wakati wa salfa. Nikampa mfuatiliaji orodha.

Kwenye orodha ile alikuwamo Mzee Issa, fundi cherehani wa Kilambo, karibu na kivuko cha mto Ruvuma. Kijijini kwake kulikuwa na zahanati, lakini aliomba kutibiwa kwetu mjini ili watu wa kwao wasijue. Kila mwezi aliwaaga kwamba anakwenda Mtwara kununua nyuzi na vifungo. Mfuatiliaji alifika kivukoni na pikipiki yenye maandishi ya hospitali, akamuulizia kwa jina.

Tarehe sita Mzee Issa alikuja kliniki. Hakupaza sauti. Aliweka kadi yake mezani kwangu, akaniomba nimsomee tarehe ya kurudi. Nikasoma, tarehe sita Agosti.

"Na leo ni tarehe ngapi, mama?"

Nikamwambia ni tarehe sita Agosti. Akanieleza kwamba wanawake waliompa vitambaa vya sare ya harusi wamekuja kuvichukua, wengine wamewatuma watoto. Hakuna aliyesema sababu. Nikafungua jina lake kwenye kompyuta nikakuta imeandikwa tarehe nane Juni. Niliwaza nimekosea kuandika. Niliomba radhi mbele ya Sista Esta, naye Mzee Issa akaomba barua ya uhamisho, akatibiwe ng'ambo ya mto asikojulikana. Nikaichapa. Mganga Mfawidhi alinipa onyo la mdomo, nikalipokea kwa sababu niliamini ni langu.

Wiki zilizofuata nilianza kujiogopa. Niliandika tarehe tano Septemba, nikaenda kunawa mikono, nikarudi nikaikuta tarehe tisa Mei. Niliandika tarehe ishirini, ikabaki ishirini. Kama zote zingeharibika ningejua ni mashine. Lakini nyingine zilikuwa sawa kabisa, nyingine zimepinda, nami sikuona mpangilio wowote. Nilianza kutamka tarehe kwa sauti ninapoandika, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mganga alinishauri nikapime macho. Nikaenda, nikapewa miwani, nikarudi kuona makosa yaleyale kwa ukubwa zaidi.

Wiki ya kwanza ya Septemba wakamleta Somoe. Alikuwa binti wa Msimbati, mama wa mtoto mmoja, na aliletwa amelazwa nyuma ya pikapu ya nazi, anakohoa damu. Mama yake alieleza kwamba Somoe alipata nafuu, akaona hana haja ya kuendelea, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kumtafuta, wakadhani hospitali nayo inaona amepona. Sista Esta aliichukua kadi: tarehe ya kurudi tisa Agosti. Nikafungua kompyuta. Ilisema tarehe nane Septemba, siku yake bado haijafika.

Sista Esta aliweka kadi kando ya skrini, akaweka kidole kwenye tarakimu.

"Hapa tisa, nane. Hapa nane, tisa. Mwanangu, hii inasoma kinyumenyume."

Niliangalia mpaka machozi yakanitoka. Mfumo mpya ulisoma mwezi kwanza, siku baadaye, kama wanavyoandika watu wa nchi nyingine. Siku zilizozidi kumi na mbili haziwezi kuwa mwezi, kwa hiyo ziliachwa zilivyo. Kadi nilizozijaribu mwisho wa Julai zote zilikuwa za tarehe za ishirini na kitu. Mzee Issa alikuwa ametafutwa kabla ya siku yake, na Somoe hakutafutwa siku yake ilipopita, kwa kosa moja.

Mganga Mfawidhi aliamuru turudi kwenye kompyuta ya zamani siku hiyohiyo. Tukaitoa stoo, tukaifunua, tukaiwasha. Ilikoroma, ikazimika. Mtaalamu alipoisikia kwa simu alisema diski yake, ile inayotunza kumbukumbu zote, imekufa, na kwamba diski hazifi kwa siku moja, ilikuwa inakufa tangu tulipokuwa tukiitumia. Kama tusingehama, rejista yote ingekwenda nayo. Kisha akaniongoza kuandika kwenye mfumo mpya mstari mmoja tu, wa kuiambia kompyuta iko nchi gani. Hakuna aliyekuwa ameiambia. Mimi na Sista Esta tulitumia siku tatu kulinganisha kila kadi na kila jina, na daftari lake la mistari ndilo lililotuongoza.

Somoe alipona. Alianza matibabu upya, na sindano kila siku kwa miezi miwili. Alikuwa ananisalimia vizuri, jambo lililonitesa kuliko kama angenitukana.

Niliendelea na kazi mpaka nikastaafu. Nilibadilisha mfumo endeshi mara mbili nyingine, na kila mara nilijaribu kwa tarehe za mwanzo wa mwezi na za mwisho. Vijana hunifuata hapa nyumbani Chuno kuniuliza kama wabadilishe au waache, wakidhani mtu wa siku nyingi ana jibu. Nawaeleza haya, wanaondoka wamechanganyikiwa kuliko walivyokuja. Mimi mwenyewe sijui. Niliposema ndiyo niliwaumiza watu wawili. Kama ningesema hapana, huenda ningewapoteza mamia. Na wakati nasema sikujua lolote kati ya hayo mawili.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilikwenda Kilambo. Nilikuwa nimesikia kwamba Mzee Issa alimaliza dawa ng'ambo akarudi kwao. Nilimkuta barazani, cherehani mbele yake, anashona shati la shule. Akanitambua. Nikamweleza yote, mwezi na siku, diski iliyokufa, mstari mmoja wa nchi. Alisikiliza bila kukatiza, mguu umetulia juu ya pedali.

"Kwa hiyo ungekataa ile kompyuta, jina langu lingepotea na mengine yote," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Na ulipokubali, mimi nikaumbuka."

Nikamwambia ndiyo.

Akaondoa mguu kwenye pedali. "Basi unataka nikusamehe lipi?"

Aliuliza bila hasira. Kisha akanisogezea kigoda, akamwita mkewe alete maji, akaendelea kushona. Nilikaa pale mpaka alipomaliza mkono wa pili wa lile shati.