Fantomu Aliyesindikizwa Mgogoni

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifukuzwa kabla sijakaa kwenye kiti. Nilikwenda hospitali nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama yangu mpaka likataka kusimama lenyewe, nikabisha hodi chumba cha eksirei. Nikapokewa na Mkuu wa Chumba, mzee mfupi aliyezungumza kidogo kidogo, utadhani kila neno linakatwa kwenye mshahara wake.

"Mle kwenye mashine kinatoka kitu," akaniambia. "Hukioni, hukisikii, wala hakina harufu. Unakiogopa?"

Nikataka kujionyesha mwanamume. "Kitu nisichokiona nitakiogopaje, Mzee?"

"Basi nenda nyumbani. Urudi ukishaogopa."

Nilirudi kesho yake nimeogopa vya kutosha, ila nilichokuwa nakiogopa ni kumwambia mama kwamba sina kazi. Mkuu wa Chumba hakuuliza naogopa nini. Akanivisha aproni ya risasi, joho zito lenye madini ya risasi ndani yake la kuzuia mionzi, nikatembea nalo siku nzima mgongo umepinda. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonizeesha.

Nyinyi vijana mnaobonyeza kitufe na kompyuta ikafanya mengine yote, hamjui raha mliyonayo. Zama zetu mpigapicha alichagua mwenyewe nguvu ya mionzi na muda wake kwa kuzungusha vishikio viwili. Kanuni tuliyorithishana ilikuwa fupi: mtu mnene ongeza, mtu mwembamba acha palepale. Kupunguza hakukuwamo. Picha ikiharibika tulimlaumu mgonjwa kuwa katikisika, tukampiga nyingine.

Nilipohamishiwa hospitali moja ya kusini mwa Pemba, nilimuuliza Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali nzima, tunajuaje kwamba mionzi tunayowapa watu haizidi.

"Picha inaonekana?" akaniuliza.

"Inaonekana, Daktari."

"Basi inatosha. Maswali mengine waulize wenye nafasi."

Jibu lile lilinikera likanipeleka shule. Nilisoma diploma, nikarudi kazini, nikasoma shahada ya kwanza, nikarudi, nikasoma ya pili, nikarudi tena, na kila nikirudi nakuta kanuni ni ileile, mnene ongeza. Mwisho, kichwa kimeshaingia mvi, nikajiandikisha shahada ya uzamivu katika fizikia ya tiba. Hiyo ni elimu ya kupima na kuongoza mionzi inayotumika hospitalini, ifike inapotakiwa na isizidi hata chembe. Chuo kilikuwa Bara, mimi nikibaki Pemba na kazi yangu.

"Watu wa rika lako wanasomesha wajukuu," akasema mke wangu, Bi Mize, "weye ndo kwanza unatafuta mwalimu."

Mwalimu nilimpata. Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja wa Bara, mpole wa sura na mkali wa kalamu, tukimwita Mama Profesa. Nilimwandikia kurasa nyingi kuhusu hatari ya mionzi kuzidi, akanirudishia zote. "Hamad, haya ni maneno. Niletee vipimo." Vipimo vikanichukua miaka. Mara umeme umekatika, mara mashine mbovu, mara karafuu zimeiva na nusu ya wafanyakazi wako shambani. Chuo kikaniongezea muda, kikaongeza tena, hatimaye kikasema sasa basi. Ilibaki hospitali moja ya kaskazini, na siku moja tu ya kuipima, kwa sababu kipimadozi, chombo kinachosoma kiasi cha mionzi, kilikuwa cha kuazima. Mama Profesa angekuja nacho kwa boti na kesho yake arudi nacho. Siku ile ikinipita, uzamivu wangu umezama.

Sasa nikuelezeni habari ya fantomu. Huwezi kumsimamisha binadamu mbele ya mashine ukampiga mionzi tangu asubuhi hadi jioni ili ujifunze. Kwa hiyo wenye fani hutengeneza mwili wa bandia unaopokea mionzi kama mwili wetu, na huo ndio fantomu. Za dukani zina bei ya kukutoa machozi. Wangu nilimtengeneza mwenyewe nyumbani Chokocho: nta ndiyo nyama yake, unga wa mbao ndiyo mapafu, na mbavu nikazifinyanga kwa plasta. Alikuwa kiwiliwili tu, bila kichwa, mikono wala miguu, lakini kwa uzito alimshinda baba mkwe wangu.

Asubuhi ya safari jua lilikuwa kali, na nta na jua hazielewani. Nikamwomba Bi Mize amfunge fantomu kwenye shuka lililoloweshwa maji, na pande zote mbili atie mito ili asigongwe njiani. Bi Mize ni mwoshaji, wanawake wa mtaani kwetu wakifariki yeye ndiye huitwa. Akamfunga kwa namna anayoijua: shuka jeupe, mito juu na chini mpaka akawa na urefu wa mtu, kamba kichwani, kamba kiunoni, kamba miguuni. Kisha akamnyunyizia karafuu maiti, ile kafuri ya kutilia maiti, ati sisimizi wasije wakala nta. Mimi nilikuwa nahangaika na makaratasi yangu. Nilimwona anapakiwa nyuma ya gari nikasema ahsante, kafungwa vizuri.

Gari la idara lilizimika kijiji cha Mgogoni, si mbali na hospitali, mbele ya msikiti, watu ndo kwanza wanatoka sala ya adhuhuri. Faki, dereva wetu, akafungua boneti, akaangalia, akafunga, akakaa pembeni. Waumini wakasogea kutusaidia kusukuma. Wakaona shuka jeupe. Wakaona kamba tatu. Ile harufu ya karafuu maiti ikawafikia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Watu wakaanza kusema "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," mmoja akimpokea mwenzake, na kabla sijateremka vizuri jeneza la msikiti lilikuwa limeshafika.

"Jamani, huyu si maiti!" nikapiga kelele.

Mzee mmoja akanishika bega. "Subira, ndugu yangu. Sote tulisema hivyo hivyo kwa wetu."

"Nakwambieni hajafa!"

"Mshikeni asije akaanguka."

"Hata kuishi hajawahi kuishi!"

Hapo wakanihurumia kwelikweli. "Msiba umempanda kichwani," wakanong'onezana, na vijana wawili wenye nguvu wakanishika makwapa. Fantomu akatiwa jenezani, akapandishwa mabegani. Nikamtafuta Faki atoe ushahidi, nikamwona naye yuko chini ya jeneza, kabeba. Baadaye nilipomgombeza alinijibu kuwa ni aibu mwanamume kusimama mikono mitupu jeneza likipita, hata kama unajua ndani mna nini.

Simu ikaita mfukoni. Mama Profesa.

"Hamad, uko wapi? Nimeshafunga kipimadozi, chumba kiko tayari."

"Mwalimu, nipo msibani."

"Pole sana! Nani amefariki?"

"Fantomu."

Akasema, "Mimi nipo hadi jioni tu," akakata. Nilitamani kulia. Miaka yote ile ya kusoma inakwenda kuzikwa mchana kweupe, na wanaoizika ni watu wema wasio na kosa lolote.

Aliyeniokoa ni Shehe Khatib, imamu wa msikiti ule, kwa sababu aliuliza swali ambalo imamu lazima aulize, maana ndilo linalomwonyesha pa kusimama anaposalisha.

"Marehemu ni mwanamume au mwanamke?"

"Shehe, si mwanamume wala si mwanamke."

Akanitazama. "Basi kichwa ki upande gani?"

"Hana kichwa."

Wale vijana wakaniachia makwapa. Watu wakarudi nyuma hatua kadhaa, na mmoja akasema polisi waitwe. Shehe Khatib hakutishika. Akaamuru jeneza literemshwe, akafungua kamba ya juu, akatoa mto, akabonyeza kwa kidole, akanusa kidole chake.

"Nta," akasema.

Nikaeleza yote haraka haraka: mashine, mionzi, kipimadozi, boti ya kesho. Nilipomaliza hapakuwa na aliyecheka. Nikaogopa. Watu wameacha shughuli zao, wamejipanga kumsalia kitu cha plasta. Ningekuwa mimi ningekasirika.

"Kitu kino," akauliza Shehe, "mkikifikisha huko, faida yake nini?"

"Mgonjwa akipigwa picha asipewe mionzi zaidi ya haja yake, Shehe. Kumjaribia mtu hatuwezi. Tunamjaribia huyu."

"Kwa hivyo yuno anapigwa kwa niaba yetu sisi?"

"Ndiyo."

Shehe akawageukia wabebaji. "Jeneza lirudi msikitini, jeneza ni la watu. Leteni kitanda cha kamba. Mshanyanyua, basi mfikisheni."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na mwenye kucheka zaidi alikuwa yule mzee aliyeniambia subira. Wakambeba mpaka hospitali kwa kupokezana, na kila tulipopita watu walisimama kwa heshima, tukachoka kuwaeleza. Mlinzi wa hospitali alituona akavua kofia, akatuelekeza chumba cha maiti. Mama Profesa alikuwa barazani anatazama saa.

"Hamad," akasema, "uliniambia unakuja na fantomu. Hukuniambia unakuja na kijiji."

Tukapima mpaka jua likakaribia kuzama, watu wa Mgogoni wamekaa nje wakiuliza mgonjwa wao vipi. Ikaonekana mashine ile, kama nyingine zote nilizopima, inatoa mionzi mingi kuliko inayohitajika. Mama Profesa akaniachia nizungushe vishikio mwenyewe. Nikapunguza, tukapiga, picha ikatoka safi. Nikapunguza tena, safi vilevile. Machozi yalinitoka na sikuyaficha, maana jibu la swali nililomuuliza Mganga Mfawidhi lilikuwa kwenye vishikio vile, na ujana wangu wote nilikuwa nimelishika mkononi.

Shahada niliipata. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliuliza kwa nini kwenye ukurasa wa shukrani nimewashukuru watu wa Mgogoni kwa "kumsindikiza fantomu". Nikaeleza. Mwenyekiti akaomba tupumzike kidogo, na alipotoka mabega yalikuwa yanamcheza. Tangu hapo naitwa Daktari, na watu hunigongea mlango na vikohozi vyao, nikawaambia mimi ni daktari wa mashine, wasiniamini.

Miezi yangu ya mwisho kazini, vipimo vipya vimeshabandikwa ukutani katika vyumba vyote vya eksirei nilivyopima, Shehe Khatib alikuja na kikohozi cha kweli. Alikuwa amekonda. Nikamsimamisha kifua kwenye ubao, nikamwambia avute pumzi azuie, nikaenda nyuma ya kioo, nikabonyeza.

"Tayari, Shehe."

"Tayari? Mbona sikusikia kitu?"

Hata mionzi ile mingi ya zamani asingeisikia, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini sikumweleza hayo. Picha ilitoka safi, ugonjwa wake tukauona mapema, na dawa zikamfaa. Siku ile, kabla hajavaa kanzu yake, alinishika mikono miwili akaniombea dua ndefu, ile anayoombewa mtu aliyetoa kwa wingi. Nikaitikia amina, mimi ambaye nilichomfanyia ni kumpunguzia.